Kiasi na Asili

Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani
na keki yenye picha ya trekta.
Trekta ile haikuwa na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka.
Profesa Marlys Hoekstra aliikodolea macho,
akachukua kisu, akaanzia kukata hapo hapo
penye kiti.

Nilikuwa karani wake miaka kumi na tisa.
Ripoti zilitoka hospitali ndogo za kaskazini mwa Iowa,
bahasha za kaki, nyingine zikinuka dizeli,
nami niligeuza kila kilio kuwa tarakimu:
sifuri nne, kidole; sifuri saba, kiganja;
tisa tisa, haijulikani.
Tisa tisa aliichukia kuliko kifo.
"Kifo angalau kina tarehe," alisema. "Piga simu."

Nikapiga. Januari, theluji imefika kwenye vizingiti.
Mjane Twyla Roorda akanisimulia
jinsi mumewe alivyopanda juu ya mahindi ghalani
kuyavunja yalipogandamana,
na mahindi yakafunguka chini yake
kama yalikuwa yanamngoja.
Kisha akauliza nimekula nini mchana.
Niliandika: moja moja, kuzama katika nafaka.
Swali lake halikuwa na kisanduku.

Darasani Profesa alichora mstari mmoja ubaoni.
Juu ya mstari, kiasi: walioumia.
Huko ndiko kila mtu hukimbilia, kwenye damu.
Chini ya mstari, asili: wote waliokuwapo,
hata yule aliyerudi nyumbani mzima, akavua buti,
akalalamikia supu.
"Bila asili," alisema, "kiasi ni umbea."

Basi tukaenda kuwahesabu wazima.
Majira matatu ya kiangazi, barabara za kokoto,
mbwa wakitufukuza hadi kwenye gari.
Mzee mmoja alitukaribisha kahawa:
hapa kwetu, alisema, hatujapata ajali kamwe.
Kikombe alikishika kwa vidole vitatu.
Na ile habari ya jirani, je?
Ah, ile. Ajali haina kinga.
"Inayo," akasema Marlys. "Vyuma viwili na boliti nne.
Nimekuja na bei."

Kamati ya kumpandisha cheo iliuliza
kwa nini asichunguze mapafu ya watu wa mjini,
ambako ruzuku zipo.
Jarida la kwanza lilisema sampuli ni ndogo.
La pili halikujibu.
Alingoja miaka sita, kisha akapanda;
siku ile alikula mkate wenye siagi ya karanga juu ya kibodi yangu
na makombo bado yamo chini ya herufi M.

Baada ya keki nilibaki kufungasha ofisi.
Chini kabisa ya droo nikakuta kadi, wino wa bluu, hati yake:
Hoekstra, Gerrit. Oktoba 1961.
Mkono wa kulia, hadi kwenye kiwiko. Mashine ya kuvuna mahindi.
Shahidi: binti, miaka tisa.
Ndiye aliyezima injini.

"Hii hukunipa," nikamwambia.
Alikuwa anavaa koti, mkono mmoja ndani ya kikono.
"Ni kabla ya utafiti kuanza. Ingepotosha matokeo."
Akahangaika kutafuta kikono cha pili.
Nilimshikia koti. Hakuichukua kadi.

Usiku nilifungua faili ambalo sasa si letu.
Kiasi sikukigusa.
Niliongeza mtu mmoja kwenye asili:
jinsia, mke; umri, tisa; alikuwapo, ndiyo.
Kisha kile kisanduku: *Je, aliumia?*
Kidole changu kilining'inia juu ya kibodi
hadi skrini ikajizima.
Nikaiwasha.
Nikaandika tisa tisa.

Akikasirika, apige simu.